Magharibi Haina Subira

Kisa hiki ni cha kijana mmoja wa Nairobi, mpiga picha mwenye jicho zuri na bidii ya kazi. Jina lake nalihifadhi, kwa kuwa sikusudii kumwaibisha. Nakisimulia kwa sababu kosa lake liko karibu sana na kila mmoja wetu anayebeba kamera jioni, mimi nikiwemo.

Alikuwa amepata kazi ya kutengeneza picha kubwa ya ukutani, nyeusi na nyeupe: jiji wakati wa magharibi, jengo la KICC likiwa limesimama nyuma, na taa za magari zimechora mistari mirefu barabarani. Mteja alitaka ipigwe kwa filamu, na alikwisha kutoa malipo ya awali. Kijana akanunua roli moja ya Kodak Tri-X, ambayo kwenye kamera yake hutoa picha 12.

Onyo la kwanza alilipata kwa mzee aliyewahi kuwa na studio mjini. "Mwanangu," alimwambia, "ikipita sekunde moja usikiamini tena kipima mwanga." Kijana akaitikia kwa adabu, "Sawa mzee, nimesikia." Hakuelewa, lakini aliona haya kuuliza.

Mzee alikuwa na maana hii. Mchana, mwanga ukipungua kwa nusu, unaongeza muda mara mbili na picha inatoka sawasawa. Muda ukizidi sekunde moja hivi, hesabu hiyo huvurugika. Chembe za fedha zilizo ndani ya filamu zinahitaji mwanga unaofuatana kwa karibu; ukija kidogo kidogo, athari ya kwanza hufifia kabla ya nyingine kuifikia. Ni sawa na kujaza maji kwenye ndoo inayovuja. Mwanaastronomia wa Ujerumani, Karl Schwarzschild, aliyekuwa akipima mwanga wa nyota kwa picha, aliandika juu ya kasoro hii mwaka 1900. Si siri ya mafundi wachache.

Kodak nao wameiwekea jedwali. Kwa Tri-X, kipima mwanga kikisema sekunde 10, toa 50. Kikisema 100, toa 1,200. Kijana alikuwa na jedwali hilo kwenye simu yake, akapanga kulisoma baadaye. Hilo lilikuwa onyo la pili.

La tatu alilishuhudia kwa macho yake. Alisimamisha stendi ya kamera juu ya daraja la waenda kwa miguu, na chupa yake ya maji akaiweka sakafuni kando ya mguu mmoja wa stendi. Kila lori lilipopita chini, maji yalitetemeka ndani ya chupa. Aliyaona. Akaiondoa chupa isije ikapigwa teke na wapita njia, stendi akaiacha palepale.

Jua likazama. Nairobi iko karibu sana na Ikweta, na hapo giza halichelewi: tangu jua kuzama, una dakika ishirini na kitu tu kabla anga haijafa. Kijana alingoja taa za jiji ziwake zote, kisha akaibana lenzi hadi f/16 ili magari yaache mistari mirefu. Kipima mwanga kikasema sekunde 10. Akatoa 10. Kikasema 20, akatoa 20. Kadiri giza lilivyoingia, ndivyo alivyozidi kuwa mbali na kile filamu ilichohitaji, na hakuwa na namna ya kujua. Roli ikaisha, akarudi nyumbani na furaha yake.

Alipoisafisha filamu, ilitoka karibu wazi. Taa zilikuwa zimejichora, lakini kuta za majengo, miti na lami havikuwapo. Alipoziweka negativi chini ya kioo cha kukuzia, aliona pia kwamba kila taa ya barabarani ilikuwa na mkia mdogo wa pembeni. Daraja lilikuwa limeacha alama yake. Alirudisha malipo ya awali, na kazi ikapewa mtu mwingine.

Ndugu zangu, tusimcheke. Sote tunajua jinsi mikono inavyoharakisha anga inapoanza kubadilika rangi. Tujifunze basi. Jedwali la filamu yako liandike kwenye karatasi na ulibandike nyuma ya kamera. Anza mapema, jua likizama tu, wakati sekunde moja au mbili bado zinatosha, na ifungue lenzi kidogo giza linapoongezeka. Ukisubiri hadi kipima mwanga kiseme sekunde 100, filamu itakudai dakika 20, yaani karibu magharibi yote kwa picha moja. Stendi isimame juu ya ardhi ngumu. Wenye kamera za kidijitali hawana ugonjwa huu wa filamu, lakini mtetemo ni uleule, na mwanga huendelea kupungua shata ikiwa wazi; kuzeni picha ya kwanza kwenye kioo cha kamera na muikague kabla ya kuendelea.

Na zaidi ya hayo yote, mwenye uzoefu akikwambia neno usilolielewa, usiitikie tu kwa adabu. Muulize palepale, kungali mchana.