Barzilai na Amana ya Akili

Soma kwa ajili ya somo hili: 2 Samweli 17:27-29, 2 Samweli 19:31-39, Zaburi 71:9, 18, Zaburi 146:4, Isaya 46:3, 4.

Barzilai Mgileadi alikuwa na umri wa miaka 80 Daudi alipomkimbia Absalomu. Yeye na wenzake wawili walipeleka Mahanaimu vitanda, vyombo, ngano, shayiri, maharagwe, dengu, asali, siagi na kondoo. Hiyo haikuwa kazi ya mtu aliyechoka akili. Kulisha watu wengi walio mbioni kunataka hesabu. Zaidi ya hayo, kunataka mtu ajue asimame upande gani wakati nusu ya taifa imegeuka.

Vita vilipokwisha, mfalme alimwalika mzee huyo akaishi Yerusalemu na kula mezani pake. Barzilai alikataa. Soma 2 Samweli 19:35. Alisema kwamba hawezi tena kupambanua jema na baya, hasikii ladha ya chakula wala kinywaji, wala sauti za waimbaji hazimfikii vizuri. Kwa nini awe mzigo kwa mfalme? Akamtoa Kimhamu aende mahali pake.

Maneno hayo yana jambo la kushangaza. Mzee anayesema hawezi kupambanua anafanya mojawapo ya maamuzi yenye busara kuliko yote katika kitabu kile. Huenda alisema kwa adabu, kama wazee wasemavyo wanapokataa heshima kubwa. Huenda pia alikwisha kuona dalili ndani yake ambazo wengine walikuwa hawajaziona. Maandiko hayasemi. Linaloonekana ni kwamba hakuficha hali yake na hakuona aibu kuitaja mbele ya mfalme.

Je, kuitunza akili hadi uzeeni ni wajibu mbele za Mungu, au ni bahati ya mwili tu?

Mwadventista huwa na jibu karibu: mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19, 20), na ubongo ni sehemu ya hekalu hilo. Mifano ipo. Ellen White alifariki mwaka 1915 akiwa na miaka 87, na katika miaka yake ya mwisho alikuwa akikiandaa kitabu cha Manabii na Wafalme. Daktari Ellsworth Wareham wa Loma Linda, mpasuaji wa moyo, aliendelea kuwasaidia wapasuaji wenzake hadi umri wa miaka 95, akafariki mwaka 2018 akiwa na miaka 104. Sayansi nayo haipingani na ujumbe wa afya. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, sigara, ulevi, kukaa bila mazoezi, elimu kidogo utotoni, upweke, na kupungukiwa kusikia bila kupata msaada. Jopo lilikadiria kwamba kama mambo hayo yote yangeondolewa, karibu asilimia 45 ya visa vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa.

Asilimia 45 ni nyingi. Anayepuuza kupimwa shinikizo la damu kwa sababu anamtumainia Bwana hajaelewa tumaini ni nini. Lakini darasa lisipite haraka juu ya ile asilimia 55 iliyobaki. Hiyo ni sehemu ambayo hata mtu aliyefanya yote hana uwezo nayo kwa sasa.

Utafiti mmoja maarufu unaonyesha jambo hili vizuri. Mwaka 1986 David Snowdon alianza kuwachunguza watawa wa Kikatoliki nchini Marekani, na hatimaye masista 678 wenye umri wa miaka 75 na zaidi walijiunga. (Si Waadventista, lakini maisha yao ya kiasi yangewafaa wengi kanisani kuyaiga.) Hawakuvuta sigara, walikula chakula cha namna moja, walisali saa zilezile, na wengi walikuwa walimu. Hata hivyo mwisho wao haukufanana. Wengine walibaki na akili timamu, na wengine walisahau hata majina ya masista walioishi nao. Sista mmoja, anayejulikana katika ripoti kwa jina la Mary, alifariki akiwa na miaka 101 baada ya kufanya vizuri katika majaribio ya akili, lakini ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na alama nyingi za ugonjwa wa Alzheimer.

Basi mzee wa kanisa aliyekula mboga, akatembea kila asubuhi na kusoma lesoni kila siku kwa miaka 50, kisha akaanza kuuliza swali lilelile mara tano kwa saa moja, asihojiwe alikosea wapi. Elifazi, Bildadi na Sofari walimhoji Ayubu hivyo, na Mungu hakupendezwa nao (Ayubu 42:7).

Lakini akili kali ni ya kazi gani? Sulemani alikuwa nayo, na uzeeni moyo wake ukageuzwa (1 Wafalme 11:4). Yule nabii mzee wa Betheli alikuwa na akili ya kutosha kutunga uongo uliomponza mtu wa Mungu (1 Wafalme 13). Akili inayotunzwa ili mtu asifiwe kwamba hajazeeka ni aina nyingine ya ubatili. Mwandishi wa Zaburi 71 anaomba asitupwe wakati wa uzee, na katika fungu la 18 anatoa sababu: bado hajamaliza kukisimulia kizazi kijacho uweza wa Mungu. Kwake akili ni amana, na wenye haki ya kufaidika nayo ni wajukuu.

Hapo wajibu unahama. Haumkalii tena mzee peke yake.

Katika madarasa mengi ya Shule ya Sabato mzee hupewa heshima zote isipokuwa swali. Husalimiwa shikamoo, huwekewa kiti mbele, huombwa sala ya kufunga. Mjadala wenyewe huendeshwa na vijana kwa sauti ya haraka, kutoka kwenye kijitabu chenye herufi ambazo yeye hazioni. Asiposikia, hutikisa kichwa kwa adabu. Darasa hudhani anakubali. Baada ya miezi kadhaa hudhani amechoka, na baada ya mwaka hakuna anayemgeukia tena. Kumbe kutosikia na upweke ni mambo mawili kati ya yale 14. Darasa linaweza kuharakisha giza la mzee wake huku likimheshimu.

Dawa yake si ya gharama. Mwalimu aketi mahali ambapo mzee anauona uso wake. Swali aulizwe yeye kwa jina, kisha watu wanyamaze, hata kimya kikizidi kidogo, maana akili ya umri mkubwa mara nyingi hukawia kufika bila kupotea njia. Apewe pia jambo jipya la kujifunza, si kurudia tu mafungu aliyoyakariri ujanani: wimbo mgeni, kitabu ambacho hajawahi kukifundisha, mtoto wa kumwongoza kusoma. Na aliye na uzito wa kusikia apelekwe akapimwe masikio.

Kwa ndugu wa Afrika Mashariki kuna jambo zito zaidi. Bibi aliyepotewa na kumbukumbu huweza kutoka usiku akitafuta nyumba aliyohama miaka 40 iliyopita, akakutwa mlangoni pa jirani asijue alifikaje. Mahali ambapo ugonjwa huo hauna jina, watu hulitafuta jina jingine. Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, eneo lenye Waadventista wengi, wanawake wanne wa umri mkubwa waliuawa na umati uliowaita wachawi. Kanisa linaloamini kwamba wafu hawajui neno lolote lina sababu zaidi ya wengine ya kusimama mlangoni pa bibi huyo na kusema wazi, mapema, mbele ya majirani, kwamba anaumwa.

Linabaki swali ambalo familia huliuliza kwa sauti ya chini. Baba alimpenda Mungu maisha yake yote, na sasa hajui hata kuomba. Imani yake iko wapi? Mwadventista hawezi kujibu kwamba roho isiyokufa imejificha salama mahali fulani ndani yake. Anafundisha kwamba mtu ni nafsi moja, mwili na akili pamoja, na kwamba siku ya kufa mawazo yake hupotea (Zaburi 146:4). Mafundisho hayo huonekana magumu kando ya kitanda cha mgonjwa wa namna hii. Lakini kama aliyelala kaburini, ambaye hana wazo hata moja, yu salama kwa kuwa Mungu anamkumbuka na atamwita, basi aliyepoteza nusu ya mawazo yake yuko salama kwa sababu hiyohiyo. Katika Isaya 46:3, 4 ni Mungu anayechukua na kubeba tangu tumboni hadi mvi. Anayebebwa hatajwi kwamba alishikilia vizuri.

Soma pia 1 Wafalme 2:7. Miaka ilipita, Daudi naye akazeeka, mwili wake ukawa haupati joto. Katika maagizo yake ya mwisho kwa Sulemani aliwataja wana wa Barzilai, kwamba wale mezani pa mfalme, kwa kuwa walimjia siku ile alipomkimbia Absalomu.