Moto wa Nyasi Bondeni Lambwe

Nyasi za Bonde la Lambwe zikikauka, cheche moja inatosha. Katika bonde hili ndimo ilimo Mbuga ya Taifa ya Ruma, kilomita za mraba 120, iliyotengwa mwaka 1966 na kupandishwa hadhi mwaka 1983, makao ya mwisho nchini Kenya ya korongo, yule swala mkubwa. Zamani mbung'o na malale viliwazuia watu kuhamia bondeni; leo mashamba yamekaribia ua wa mbuga, na moto haujui mpaka. Ndiyo maana vijiji vinahitaji watu wa kujitolea kuuzima.

Wapo wasemao kwamba Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti kazi ya kuzima moto, basi mwanakijiji ajitolee kwa nini? Hoja yao ni ya haki, na tuendelee kudai huduma hiyo. Lakini moto wa nyasi hushindwa ungali mdogo, kwa matawi mabichi, majembe na njia pana iliyofyekwa kabla ya kiangazi, na anayeweza kuuwahi ni jirani. Asiende peke yake, wala bila mafunzo, kwa maana upepo hugeuka ghafla. Vijana na wajiunge katika kikundi kinachojulikana kwa chifu, wafunzwe na askari wa wanyamapori, nayo kaunti igharimie buti zao.