TUSIHUKUMU KWA TUSILOLIJUA

Ndugu zetu Waislamu, Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Surat Bani Israil, kulifuata jambo tusilo na ujuzi nalo. Masikio, macho na nyoyo zetu vyote vitaulizwa.

Mwezi wa Mei 2020, Mji wa Kale wa Mombasa ulipofungwa kwa maradhi ya korona, baadhi yetu tulikataa kupimwa kwa kuchelea karantini na maneno ya watu. Kisha tukasema: "Wagonjwa ni wachache, maradhi hayapo." Hoja gani hii? Asiyepimwa hahesabiwi, na kutohesabiwa si uzima.

Hadi mwisho wa mwezi ule waliothibitishwa Kenya nzima walikuwa 2,000 hivi. Lakini wataalamu walipoichunguza damu ya watu zaidi ya 3,000 waliojitolea kuitoa, walikadiria kuwa watu 4 hivi katika kila 100 walikwisha ambukizwa.

Mtume s.a.w. ametufunza kuwa penye tauni tusiingie, wala tusitoke kwa kuikimbia. Basi atayatimizaje mafunzo haya asiyetaka kujua tauni iko wapi? Yakija maradhi mengine tujitokeze tupimwe. Na elimu yetu inapokoma, tuseme: Allahu aalam.

Wabillahi ttawfiq.