Bwana Daud ndani ya Ngome ya Yesu

Ukambani njaa hupewa jina kama mtoto. Ile ya mwaka 1898 na 1899 ni Yua ya Ngomanisye, na wazee wa Kitui na Makueni wameyapima mambo mengi ya kale kwa njaa kuliko kwa watawala. Kwa hiyo nikisoma habari za Mombasa ya karne mbili kabla ya njaa hiyo, mimi huanzia ghalani kabla ya kutazama bendera.

Tarehe 13 Machi 1696 jeshi la Imamu Saif bin Sultan wa Oman liliizingira Ngome ya Yesu, mali ya Wareno. Ilianguka tarehe 13 Desemba 1698. Kuta zilizoanza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Cairati zilistahimili; waliomalizika ni watu, kwa njaa na tauni. Vita hivyo huitwa vya Uislamu na Ukristo. Ukivitazama ukiwa Muscat au Goa, jina hilo linafaa. Lakini humo ngomeni Waswahili Waislamu walikuwa wengi kuliko Wareno, na posho yao ilikuwa moja.

Mwishoni mwa Agosti 1697, Wareno walipokuwa wamekufa karibu wote, ulinzi ulishikwa na Bwana Daud, mwana wa ukoo wa kifalme wa Faza. Ngome yenye jina la Yesu ikawa mkononi mwa Mwislamu, akiilinda dhidi ya Imamu, mpaka msaada ulipowasili Septemba. Kwa nini hakufungua lango? Miji ya Faza na Pate ilikuwa mahasimu, na Pate iliegemea Oman. Sababu hiyo ina uzito, ila hainitoshi. Mtu aliyekwisha kuzika wenzake wa kila dini hubaki na deni ambalo hakuna mfalme awezaye kumsamehe.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaosema dini ilikuwa kisingizio tu. Mwaka 1631, palepale, Sultani Yusuf bin Hasan, aliyebatizwa na kulelewa Goa kwa jina la Dom Jerónimo, aliurudia Uislamu na kumuua kapteni wa ngome. Wakristo waliokataa kubadili dini waliuawa, Waafrika wakiwemo. Walipewa njia ya kuokoka, wakaikataa. Ni nani kati yetu atakayesimama mbele yao awaambie kwamba walikufa kwa ajili ya pembe za ndovu na ushuru wa bandari?

Basi maana ya vita siwezi kuisoma kwenye bendera. Inanibidi nimuulize kila aliyekuwamo, mmoja mmoja, alikataa nini alipoweza kukubali. Mwaka 1728 Pate yenyewe, iliyokuwa rafiki wa Oman, iliwasaidia Wareno kurudi ngomeni. Mwaka uliofuata watu wa Mombasa, wakiwa wamechoshwa nao, waliwafukuza.