Usimdharau Ndugu Yako kwa Mwili Wake

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu zetu Waislamu, katika miji yetu ya pwani zimeenea ila mbili ambazo asili yake ni moja, nayo ni kumpima mtu kwa mwili wake. Ya kwanza ni kumuona mwenye ulemavu kuwa ni wa kupewa sadaka mlangoni tu, si wa kufundishwa wala wa kushauriwa. Ya pili ni kumcheka mgonjwa anapojikinga mbele za watu.

Ama ile ya kwanza, jawabu lake limo katika Sura ya 80, Abasa. Abdullahi bin Ummi Maktum, naye ni kipofu, alimjia Mtume (S.A.W.) kutaka elimu, hali Mtume anazungumza na wakubwa wa Kikureshi akitaraji wasilimu. Mtume akakunja uso, na Mwenyezi Mungu akamtanabahisha kwa hilo. Basi ikiwa Mtume amekumbushwa kwa ajili ya kipofu, ambaye hata huko kukunja uso hakukuona, sisi tu nani? Na kipofu huyo hakuachwa mlangoni: aliadhini Alfajiri, na Mtume aliposafiri alimwacha Madina awasalishe watu. Leo wako wanaomficha mtoto wao chumbani asionekane na wageni, wala chuoni hapelekwi, kisha wakasema kuwa wanasubiri. Subira gani hiyo, nayo yamdhulumu mtoto haki yake ya elimu?

Ama ya pili, sote twakumbuka mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa Korona. Misikiti ilifungwa mwezi wa Machi, na ilipoanza kufunguliwa Julai tuliswali na barakoa, wala hapana aliyemcheka mwenzake. Hatari ilipopungua wengi wetu tulizivua. Lakini wako miongoni mwetu wanaotibiwa saratani, au waliopandikizwa figo, ambao dawa zao hudhoofisha kinga ya mwili. Mafua yako ya siku tatu yaweza kumlaza mmoja wao hospitali. Udhaifu wake hauna fimbo wala kiti cha magurudumu, kwa hivyo macho hayauoni. Akija Ijumaa na barakoa, akasimama karibu na dirisha, huambiwa kuwa imani yake ni ndogo na kwamba aikimbia kadari. Mwisho huacha kuja.

Hoja hiyo ilikwisha jibiwa zamani. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham alipata habari ya tauni, akaazimia kurudi na watu wake. Abu Ubaida akamuuliza kama aikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kuwa atoka katika kadari ya Mungu aenda katika kadari ya Mungu. Ni nani katika wanaocheka aliyemshinda Umar kwa imani?

Basi ewe ndugu, aliyekula kitunguu saumu amekatazwa kuukaribia msikiti kwa sababu ya harufu tu, sembuse mwenye kikohozi kumbana mwenzake safuni? Nanyi wasimamizi wa misikiti, sawazisheni mlango ili kiti cha magurudumu kipite, na wekeni mahali pa kutawadha kwa kukaa. Nanyi walimu wa vyuo, mpokeeni mtoto asiyeona kama mnavyompokea mwenzake. Afya ni amana, na leo mwenye nguvu hajui kesho ataamka na mwili gani.

Mwenyezi Mungu atuongoe sisi nanyi. Amin.