Mmea Usiopenda Samadi

Lavenda hufa zaidi mikononi mwa watu wenye huruma. Mtu wa Lushoto, Njombe au Limuru huipenda kwa harufu yake, akanunua mche kitaluni, akauchimbia shimo zuri, akalijaza samadi iliyoiva, kisha akaumwagilia asubuhi na jioni kama anavyomwagilia sukuma wiki. Baada ya majuma machache majani ya chini yanageuka manjano na matawi yanalegea. Mwenye mche akiona umesinyaa anadhani una kiu, anaongeza maji. Siku anapoung'oa, anakuta mizizi myeusi iliyooza.

Wapendwa, mmea huu haukuzaliwa kwenye neema ya mvua. Kwao ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania. Kusini mwa Ufaransa, kwenye vilima vya Provence, uliota wenyewe katika miteremko ya mawe ya chokaa, mahali ambapo mazao mengi hayapati riziki. Karibu na Gordes, katika eneo hilohilo, ipo abasia ya Sénanque iliyoanzishwa na watawa Wasitoo mwaka 1148, na hadi leo watawa wa pale hulima lavenda kando ya kanisa lao. Majani yake membamba yana vinyweleo vya kijivu vinavyouzuia usipoteze maji. Mafuta yake ya harufu hukaa katika vifuko vidogo sana juu ya maua na majani. Ukiulisha mbolea nyingi hunenepa majani, maua yanapungua, na harufu inafifia.

 

Anayetaka kuutunza nyumbani asihangaike sana. Jua kamili, saa sita kwa siku au zaidi. Udongo unaopitisha maji: changanya kichanga na kokoto nyingi, na kama shamba lako lina udongo mwekundu mchachu wa milimani, tia majivu au chokaa kidogo. Ukipanda kwenye chungu au ndoo, toboa matundu chini na uinue juu ya mawe wakati wa masika. Mche mchanga unahitaji maji mpaka ushike. Baada ya hapo chomeka kidole kwenye udongo, na ukikuta bado kuna unyevu, rudisha ndoo jikoni. Mbegu huota polepole, hivyo ni afadhali kukata pingili changa isiyo na ua, urefu wa kidole kirefu hivi, uitoe majani ya chini na kuichomeka kwenye mchanga penye kivuli. Walio Dar es Salaam na Mombasa wajue kwamba joto lenye unyevu huitesa lavenda ile ya kawaida ya nchi za baridi. Ile yenye majani ya menomeno huvumilia zaidi.

Kisha kuna kupogoa. Maua yakiisha, punguza matawi kwa kiasi cha theluthi moja, lakini mkasi ukome penye majani mabichi. Ukishuka hadi kwenye mti mkavu usio na jani, tawi hilo kwa kawaida halichipui tena. Nawaomba wazee wa kanisa wanaoshughulikia nidhamu wakae kidogo na jambo hili. Kijana aliyeanguka bado anakuja kuimba kwaya, bado anasalimia, bado anaona aibu: huo ndio ubichi wake. Adhabu inayomwondoa pia katika kwaya inakata chini kuliko inavyopaswa.

Katika Luka 13 Bwana anasimulia mtini usiozaa matunda. Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutia samadi. Sisi wahubiri tunaipenda sana samadi ile. Tumeihubiri mpaka waumini wakaamini kwamba kila anayesinyaa aongezewe kitu: maombi zaidi, semina zaidi, ushauri zaidi, wageni zaidi. Lakini mtu yule alikuwa anaujua mtini wake. Alitaja kupalilia kwanza, tena aliomba muda. Paulo naye, akiwaombea Wafilipi katika sura ya kwanza, hakuomba tu upendo wao uongezeke. Aliomba uongezeke pamoja na maarifa na utambuzi. Inawezekana kumpenda mtu sana na kutomjua kabisa, na mtu wa namna hiyo anaweza kuozeshwa na wema wetu.

Angalieni nyumba zetu baada ya matanga. Mjane amezika, turubai limefunguliwa, na bado kila jioni linaingia kundi lenye neno la faraja. Mmoja anamwambia Mungu ana makusudi, mwingine anamsimulia msiba wake mwenyewe, wa tatu anauliza habari za shamba na watoto. Yeye anachemsha chai tu. Hajalala sawasawa tangu alipokuwa akimuuguza marehemu hospitali. Rafiki za Ayubu walifanya vizuri siku saba, walipoketi naye chini bila kusema neno. Walipofungua vinywa ndipo mambo yalipoharibika. Na Eliya, katika 1 Wafalme 19, alilala chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akarudi mara ya pili kumwambia ale. Maswali yalingoja mpaka Horebu, safari ya siku arobaini mbele.

Simaanishi tuwaache watu peke yao. Yako maua mengine kabisa katika jumuiya zetu, yanayokauka kwa kukosa hata tone, hasa wazee wanaoishi peke yao bondeni ambao hakuna aliyepiga hodi kwao tangu Pasaka. Hao wanahitaji ndoo nzima, na wanaihitaji leo. Kazi ya viongozi wa nyumba kwa nyumba ni kujua nani ni nani, na hilo halijulikani kwa kusoma orodha ya washarika. Linajulikana kwa kuchomeka kidole.

Kwa hiyo wanaokwenda kwa mama yetu aliyefiwa juma hili, nendeni wawili tu kwa siku. Bebeni unga na kuni, tekeni maji, osheni vyombo, mwacheni alale mchana. Akitaka kusomewa zaburi atasema. Wengine wote, Alhamisi jioni, tukutane kanisani tupange zamu za kwenda bondeni.