Mvua huzuiwa na Mola, ghala hufungwa na nani?

Ndugu zangu Waislamu, zilipotangazwa habari za ukame, nilikwenda dukani kwa jirani ambaye tunaswali naye safu moja. Unga ulikuwa umepanda bei. Nilipomuuliza, akanijibu: "Ustadhi, si ukame huo? Ni qadari ya Mungu." Lakini magunia yaliyokuwa nyuma yake aliyanunua kabla ya ukame, kwa bei ya zamani.

Jibu lile lilinikumbusha Misri ya watawala wa Kimamluki. Uchumi wake wote ulisimama juu ya mafuriko ya Mto Nile, yanayotokana na mvua za milima ya Uhabeshi. Maji yalipimwa katika kisiwa cha Roda, Cairo. Yakifika dhiraa 16, mkulima hupanda na dola hutoza kodi. Yakipungua, bei ya ngano hupanda mara moja, ilhali mavuno ya nyuma bado yamo maghalani.

Mwaka 1403 maji yalipungua, ikaingia njaa kubwa. Mwanahistoria Al-Maqrizi, aliyewahi kuwa muhtasib, yaani msimamizi wa masoko ya Cairo, aliandika kitabu kuhusu njaa hizo mwaka 1405. Hakukanusha qadari. Alisema ukame ulikuwepo tangu zamani na ukapita, ila balaa la zama zake lilidumu kwa sababu tatu za watu: vyeo kununuliwa kwa rushwa, kodi za ardhi kupandishwa, na sarafu za shaba kufurika mahali pa dhahabu na fedha. Aliyenunua cheo kwa deni alimkamua mkulima ili alilipe. Mkulima akakimbia shamba. Maji yakirudi, mlimaji hayupo.

Sasa mtazameni Sayyidna Umar (RA) katika ukame wa mwaka 18 Hijria. Aliagiza chakula kutoka Sham, akaahirisha kukusanya zaka, na yeye mwenyewe akaacha samli mpaka watu wapate nafuu. Kisha ndipo akaomba mvua pamoja na watu.

Nasi tutoke uwanjani tuswali Swalatul Istisqaa, ni Sunna. Lakini ndugu yangu mfanyabiashara, utainuaje mikono kumuomba Allah afungue mbingu, na funguo za ghala zimo mfukoni mwako? Mtume (SAW) amekwisha tuambia kuwa mwenye kuhodhi chakula ni mkosaji. Tusimsingizie Mola makosa yetu.

Wabillahi tawfiq.